Nukta ya Kudra

Mwanangu anaruka angani, na mtu asiyependa kusikia habari hiyo asije kununua mafuta kwangu. Nauza mafuta ya alizeti katika soko la Singida Mjini, upande wa kutokea kwenye mitumba, na kila anayekuja na dumu lake anapata mafuta na habari za Kudra kwa pamoja. Mafuta analipia, habari ni za bure. Lucy, jirani yangu anayeuza vitunguu, husema siku nikikosa la kusema juu ya Kudra soko litafungwa kwa msiba. Mwache aseme. Watoto wake wote wanatembea chini.

Watu wanaita parashuti, na Kudra akisikia hivyo hununa. "Parashuti inakushusha, mama. Hii inanipandisha." Ni bawa la kitambaa chepesi, pana kama turubai la lori, lenye kamba nyembamba zisizohesabika, naye ameketi chini yake kwenye kiti kilichofungwa mwilini. Injini hakuna. Anakimbia kwenye ukingo wa bonde pale Kilimatinde, upepo wa mashariki unamwinua, kisha anatafuta hewa ya moto inayopanda kutoka mashambani na kuzunguka ndani yake pamoja na tai. Nilipomwona mara ya kwanza nilifunika uso kwa mtandio. Mara ya pili nilichungulia. Mara ya tatu nilikuwa nawasukuma watu wanaonizibia.

Na hakuanza kwa kubahatisha. Kudra ni fundi cherehani. Mwalimu Ignas, mwanajeshi mstaafu anayefundisha vijana kuruka, alileta bawa lililochanika, akaulizia fundi mwenye mkono mtulivu. Kudra akalishona mpaka alama ya mshono haionekani, akakataa malipo, akadai afundishwe. Leo ndiye mwanamke pekee katika kikundi chao. Nia yake ilikuwa moja: kutoka Kilimatinde mpaka ufukweni mwa ziwa Singidani, nyumbani kwao, bila kugusa ardhi njiani. Hakuna aliyewahi. Wengi waliishia Manyoni, na bingwa wao alitua Issuna.

Lakini Ignas ana sheria zake. Asiye na kifaa cha setilaiti haendi safari ndefu, hata awe nani.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani, kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichotumika nusu. Akiwa angani, kila baada ya dakika chache kinarusha habari za mahali alipo hadi kwenye setilaiti, na mimi huku sokoni naona nukta ya rangi ya chungwa kwenye simu yangu. Akitua anabonyeza kitufe. Taa ndogo inamweka nyekundu wakati kifaa kinatafuta njia ya mbinguni, na ujumbe ukishaondoka inawaka kijani. Hapo simu yangu inalia na kuniandikia: *Mama, nimetua salama.*

Bei yake ilinitoa machozi. Nilikuwa nimeweka akiba ninunue mashine yangu mwenyewe ya kukamua alizeti, nikome kupanga foleni kwenye mashine za watu. Akiba ikaenda kwenye sabuni ile. Kumbe kununua ni nusu tu ya maumivu, maana kuna na bando la kila mwezi, la dola, aruke asiruke. Ni sawa na kumlipa mchungaji mwezi ambao huna hata mbuzi.

"Shemeji, unaibiwa mchana kweupe," Abdulhamidi aliniambia. Huyu ni mdogo wa marehemu mume wangu, ana duka la simu, na anafunga vifaa vya kufuatilia bodaboda. "Changu hiki kinatumia laini ya kawaida. Bei yake haifiki hata robo ya hicho. Pikipiki zote za mjini ninazo humu kwenye simu, hata wewe nikikufunga nakuona unakokwenda."

"Ba'mdogo," Kudra akamjibu kwa adabu, "bodaboda zinapita penye minara. Mimi napita porini."

Abdulhamidi akacheka, nami nikakubali tujaribu. Safari yangu ya kununua alizeti vijijini nilivibeba vyote viwili kwenye gari la mizigo. Tulipoiacha lami ya Ikungi na kuingia ndani, kifaa cha shemeji kikanyamaza kama mtu aliyeulizwa deni. Cha setilaiti kiliongea safari nzima. Basi tangu siku hiyo nikawa nakisifu kuliko hata waliokitengeneza. Cha rahisi ni ghali, nilimwambia Abdulhamidi mbele ya wateja wake, na nikarudia ili wa nje nao wasikie.

Kuna sheria ya pili. Kila mrukaji ana mtu wake wa chini anayeangalia nukta, na wa Kudra ni mimi. Ikipita saa nzima bila nukta wala ujumbe, waokoaji wanapigiwa simu, na ndege inaweza kuja kutoka mbali. Ila ikigundulika kwamba watu wametafuta bure kwa uzembe wa mrukaji, basi huyo haruki tena na kikundi. Ignas aliniambia hilo akinitazama machoni, kwa kuwa alishanijua nina moto.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imepumzika kidogo na alizeti zimechanua kila upande. Kudra alinipigia akiwa Kilimatinde. "Mama, leo upepo umenyooka." Nikamwambia asome dua, asimpite mkubwa bila kumwamkia, na akitua asikanyage shamba la mtu. Ndiyo maneno niliyokuwa nikimwambia tangu akiwa mdogo nikimtuma dukani. "Nimesikia, mama," akasema, kama alivyokuwa akisema zamani.

Nikaegemeza simu kwenye dumu ili kila mtu aone. Nukta ya kwanza ikatokea, ya pili, ya tatu. Akaipita Manyoni, soko likapiga vigelegele. Akaipita Issuna, na pale nilisimama juu ya kreti ya soda kuwatangazia wote kwamba rekodi ya yule bingwa imebaki nyuma. Akaipita Mkiwa. Barabara ninayoijua kwa matuta yake, kila tuta na maumivu yake ya mgongo, mwanangu alikuwa anaipita juu kwa juu. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa akielekea Shelui aliacha mzigo wake akakaa nasi, akisema hajawahi kuona gari lisilosimamishwa na trafiki hata mara moja. Nikampunguzia bei ya mafuta kwa furaha.

Baada ya Ikungi nukta zikakunja, zikaiacha barabara na kuelekea magharibi. Iliyofuata ilionyesha yuko chini sana na anashuka kwa kasi. Baada ya hapo hakukuwa na nyingine.

Tulisubiri. Watu waliokuwa wakipiga vigelegele wakaanza kuangalia viatu vyao. Nikampigia Kudra, hapatikani. Nikaifuta simu kwa kanga kana kwamba tatizo ni vumbi.

Abdulhamidi akaja mbio kutoka dukani kwake. "Si nilikwambia, shemeji? Hiyo mitambo ndivyo ilivyo. Imekufa hiyo."

Masikini, hakujua kwamba maneno yake yalikuwa faraja pekee iliyokuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa nimekisifu kifaa kile, nimeapa kwamba hakidanganyi wala hakichoki. Sasa kama kifaa ni kizima, basi mwanangu si mzima. Nikasimama pale mbele ya madumu yangu nikamwomba Mungu kimoyomoyo akifanye kiwe takataka, akiba yangu yote iwe imepotea, soko zima linicheke mpaka nizeeke. Sijawahi kuomba hasara kwa unyenyekevu namna ile.

Saa ilipokaribia kutimia Ignas akapiga. Alikuwa akimfuata Kudra kwa gari na alikuwa ameshafika Ikungi.

"Mama Kudra, unasemaje? Nikiwaita waokoaji na ikawa si kitu, sheria unaijua."

"Heri unifukuzie mtoto aliye hai, Mwalimu, kuliko uniachie rekodi ya maiti. Waite!"

Nikasikia gari lake likinguruma. "Niko karibu na nukta yake ya mwisho kuliko ndege yoyote. Nipe muda mfupi nifike. Ninacho kifaa kama chake. Nikimwona tu nitakutumia ujumbe, na kama ni mbaya nitawaita papo hapo."

Nikakubali, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Nukta ya Ignas ilikuwa ya bluu. Tukaiona ikiacha lami, ikaingia magharibi, ikaikaribia nukta ya mwisho ya Kudra mpaka zikagusana. Halafu nayo ikazimika. Hakukuwa na ujumbe, na simu yake nayo ikawa haipatikani.

"Pale pana kitu," mtu mmoja akasema nyuma yangu, na hakuna aliyemkaripia. Abdulhamidi alitoa ufunguo wa gari mfukoni akasema, "Twende."

Nasi tungefika kabla ya ndege yoyote, basi nikamwachia Lucy namba ya waokoaji. "Ikifika adhana ya magharibi sijakupigia, piga. Usiulize mtu."

"Na sheria ya Kudra?"

"Lucy, piga."

Tukaipita Ikungi. Hapo Abdulhamidi akasema kwa sauti ndogo, "Inshallah kitakuwa ni kifaa tu kibovu, shemeji."

"Kifaa si kibovu," nikasema, na ndipo nilipoanza kulia.

Njia ilikuwa ya mchanga, alizeti huku na huku, na jua limeshaegemea. Tukaliona gari la Ignas limesimama kando, milango imefungwa, ndani hakuna mtu. Nikateremka kabla halijasimama letu. Mbele kidogo, kwenye uwanja mtupu wa kukaushia mazao, nikaliona bawa la chungwa. Lilikuwa limekunjwa vizuri, kona kwa kona, na jiwe safi juu yake lisipeperuke. Aliyekufa hakunji nguo zake.

Nyuma ya zizi ilikuwa nyumba ya tembe, ya zile za zamani, ndefu na fupi kwenda juu, paa lake la magogo na udongo uliopigwa mpaka ukawa mgumu kama barabara. Mama mmoja mzee akatoka, mikono ameshanyoosha. Kabla sijamaliza "Shikamoo, mama," mkoba wangu wenye simu ulikuwa umeshaondoka begani kwangu.

"Marahaba, mwanangu, karibu sana. Leo Mungu ametuletea wageni jamani. Ingieni, ingieni!" Akatangulia ndani na mkoba wangu.

Nikaingia nimeinama. Mwanzoni sikuona kitu kwa giza. Halafu nikaiona sinia, kuku, ugali wa uwele, na nyuma ya sinia mwanangu Kudra, mzima kabisa, paja la kuku mkononi. Kando yake alikuwa Mwalimu Ignas, mwanajeshi mstaafu, anamumunya mfupa.

Nilichosema sitakiandika. Nilimshika kichwa, mabega, miguu, kuhakikisha kila kitu kipo. Mzee mwenye nyumba, Antipasi, alisimama anipishe kigoda, akadhani namwadhibu mtoto kwa kula ugenini.

"Lakini mama, nilibonyeza kitufe!" Kudra alikuwa analia na kucheka. "Hewa ya kunipandisha iliisha, nikaona uwanja huu ndio pekee usio na alizeti, nikashuka kwa mizunguko nisikanyage shamba la mtu. Nimetua, nimebonyeza, taa ikaanza kumweka. Nikaanza kukunja bawa, mara bibi huyu hapa. Nikamwamkia. Akanipokea mzigo."

Mzigo ulikuwa umeegemezwa ukutani, nyuma ya kihenge cha nafaka. Kifaa kilikuwa kimefungwa kwenye mkanda wake, na taa yake bado inamweka nyekundu gizani, inatafuta setilaiti chini ya udongo wa tembe. Kando yake ulikuwa mkoba wa Ignas, na ndani yake kifaa cha Ignas na simu ya Ignas. Kando ya mkoba wa Ignas ulikuwa wangu.

Bibi Magdalena, yule mama mzee, alikuwa ameipokea mizigo yetu yote. Ndivyo mgeni anavyopokewa kwetu: humwachi asimame na mzigo wake kama mpita njia, unamtua, unauingiza ndani, ndipo unamuuliza habari za atokako. Na mgeni mwenye malezi hanyang'anyani mzigo na mkubwa. Nani alimfundisha Kudra hivyo? Mimi. Nilimchapa kwa hilo siku moja, alipomng'ang'ania bibi yake kapu.

"Nilidhani ujumbe umeshaondoka tukiwa uani," Kudra akasema. "Nilitaka nitoke nikahakikishe. Lakini walishamtuma mtu kwa jirani yao Mzee Miraji aje achinje kuku, ili mimi niweze kula. Kuku ameshachinjwa kwa ajili yangu, mama. Ningeondokaje?"

Nikamgeukia Ignas. "Na wewe, Mwalimu? Wewe mwenye sheria?"

Ignas akafuta midomo. "Nilishuka kwenye gari na mkoba begani. Nikamwona Kudra mlangoni, mzima, nikasema nitume ujumbe sasa hivi." Akaangalia chini. "Huyu mama ana mikono myepesi."

"Basi niambie," nikasema, "nani mzembe hapa? Nani anafukuzwa?"

Akautazama mkoba wake nyuma ya kihenge. "Hafukuzwi mtu," akasema.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Lucy. Jua lilikuwa limebaki kidogo. Nikachomoa simu kwenye mkoba, mtandao hakuna. "Mtandao uko juu ya nyumba," Mzee Antipasi akasema kwa upole, "kona ile ya kulia. Sisi tunapandaga na simu tukitaka kumpigia mtoto wetu Dodoma." Sikusubiri ngazi. Nilikanyaga kinu, Abdulhamidi akanisukuma kutoka chini bila aibu ya ushemeji, na mimi Hajira, mjane mtu mzima, nikasimama juu ya tembe la watu na kanga yangu ikipepea.

"Lucy! Usipige! Yuko hai! Anakula kuku!"

Kijiji kizima kilisikia. Nadhani na Mkiwa walisikia. Kudra naye akapanda na kile kifaa, akakiweka paani katikati yetu, wazi chini ya mbingu. Tukakaa tukikitazama. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, kisha kijani, na simu yangu ikalia mkononi: *Mama, nimetua salama.*

"Kumbe hakikuwa kibovu," Abdulhamidi akasema kutoka chini, na kwa mara ya kwanza hakuwa anabishana.

Tulirudi ndani tukala. Kule alikotua Kudra hakuna mrukaji wa kikundi chao aliyewahi kufika, na nilihakikisha Mzee Antipasi na Bibi Magdalena wamelielewa hilo kabla mifupa haijaondolewa. Bibi Magdalena akatufungashia asali, tena kila mmoja yake.

Ignas akaongeza sheria ya tatu. Ukitua penye watu, amkia, jitambulishe, ila mwombe mwenyeji kwa heshima asikupokee mzigo mpaka taa iwe ya kijani. Vijana wote wameikariri. Abdulhamidi naye amebandika picha ya Kudra mlangoni pa duka lake, na anawaambia wateja kwamba ukoo wao una asili ya kuruka. Ada ya kila mwezi siku hizi tunalipa kwa zamu, mimi na yeye, na sijamsikia akiiita wizi tena.

Kudra hakuridhika, kwa maana Singidani ilikuwa bado. Alingoja mpaka mvua zilipokatika tena na upepo kunyooka. Safari hii sikuweza kukaa sokoni. Ilipoipita Ikungi ile nukta, nilifunga meza, na soko likafunga nami, tukatembea mpaka ufukweni mwa ziwa, Lucy na vitunguu vyake, Abdulhamidi, madereva wa bodaboda wakipiga honi. Mzee Antipasi na Bibi Magdalena nilikuwa nimewatumia nauli, walikuwa wameketi mbele kabisa kwenye viti vya plastiki.

Kwanza ilionekana chembe tu juu ya miamba. Ikawa bawa la chungwa. Ikawa mtu. Alizunguka juu ya maji mara moja, ndege wakapisha, akaja kutua mchangani mbele yetu, miguu miwili, taratibu, kama anayeshuka ngazi. Kelele zilizopigwa pale sizisimulii. Mimi nilikuwa nimeshamfikia, na mikono yangu ilikuwa imeshanyooka kuelekea kwenye mzigo wake.

"Mama," akasema. "Taa."

Nikaishusha mikono. Bibi Magdalena, aliyekuwa ameshainuka kwenye kiti chake, naye akaishusha yake. Tukasimama hivyo, mimi na mwanangu, hatua moja kati yetu, jasho likimtiririka na vumbi la mkoa mzima usoni mwake, tukiitazama taa nyekundu inavyomweka begani kwake. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Huyu nilimzaa mimi, nilijisemea. Huyu ni wangu.

Ikawa kijani. Simu ikalia kifuani kwangu. Nikaitoa, nikasoma mbele ya wote, kwa sauti, kana kwamba ndiyo kwanza napata habari:

"Mama, nimetua salama."

Ndipo nikampokea mzigo.